Nguzo ya Nyamugari

Nguzo ilikuwa katikati ya chumba, na hakuna kati yetu aliyewahi kuilalamikia. Ilikuwa ya mkaratusi, nene kama paja la mtu mzima, imepakwa chokaa hadi usawa wa kifua. Juu ya chokaa mti ulikuwa mweusi, unang'aa kwa mikono ya watu walioushika miaka mingi wakiingia na kutoka. Ilibeba paa la karakana ya fundi cherehani pale Nyamugari, mjini Gitega. Alfajiri fundi alitoka msikitini, akasukuma meza ukutani, akafagia vipande vya nguo, akavua viatu, na kuanzia hapo akawa Mwalimu wetu wa karate, mpaka mteja wa kwanza alipobisha hodi.

Alitufundisha kata, ule mfuatano wa hatua na mapigo ambao mtu huufanya peke yake kana kwamba anapigana na watu asiowaona. Kata aliyoipenda kuliko zote ilikwenda mbele kwa mstari, na mstari huo ulikutana na nguzo. Kwa hiyo, kila tulipoifikia, mguu wa kushoto ulitoka kando nusu hatua, bega likageuka, mwili ukapita, kisha mguu ukarudi kwenye mstari na ngumi ikatoka. Mimi nilichukua miezi mitano kuipata hatua ile. Baadaye niliweza kuifanya nikiwa nimefumba macho, na sikuwahi kuigusa nguzo hata kwa ukingo wa nguo.

Hakupenda kuitwa kwa majina ya Kijapani. "Mi si Mjapani," alisema. "Mi niko fundi. Ukishindwa kuniita Mwalimu, niite Fundi, nitaitika." Utepe wa kupimia ulikaa shingoni mwake hata wakati wa mazoezi, na aliporuka uliruka naye. Mkanda wake hakuna aliyeujua rangi. Wengine walisema ulikuwa mweusi ukafuliwa hadi ukawa kijivu, wengine walisema ulikuwa kijivu tangu dukani. Aliyemuuliza alijibiwa kwamba kazi yake ni kushika suruali isianguke.

Mwili wa mtu aliutazama kama anavyoutazama kitambaa, akitafuta mahali ulipovutika. Siku yangu ya kwanza alinizunguka mara mbili, kisha akagusa bega langu la kulia kwa kidole kimoja.

"Hii iko chini. Ulibeba nini?"

"Maji," nilijibu. "Kambini. Nilikua Tanzania, Mwalimu, tulikuwa wakimbizi."

"Eeh. Ndoo iko bado hapo."

Tangu siku hiyo akaniita Mtanzania, na wenzangu wakamfuata. Kule kambini Kigoma walituita Warundi. Hapa nyumbani nikawa Mtanzania. Lakini kinywani mwake jina lile halikuuma. Nilipomwamkia "Shikamoo" alicheka kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza kuisikia. "Hiyo shikamoo yako iache huko Kigoma, we Mtanzania. Huku sema bonjour, tuanze kazi." Halafu, akiwa amenipa mgongo, alijibu kwa sauti ndogo, "Marahaba."

Kimono zetu za mazoezi alizishona mwenyewe, kwa marekani nyeupe iliyokwaruza shingo mwaka mzima wa kwanza. Kila moja aliiachia pindo kubwa mikononi na miguuni. Nilipovaa yangu nilimwambia kwamba pindo halina maana, mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu na sikutarajia kurefuka.

"Nimeachia tu," alisema. "Siku moja utakuja, nitafungua."

"Siku gani?"

"Bon, nitaiona."

Mtu aliyekuja na hasira hakumruhusu kugusa sakafu. Alimpa kopo la sindano na uzi. "Tunga kumi, halafu njoo." Ukiwa na hasira uzi hauingii kwenye tundu, unapinda, unatawanyika nyuzi, inakubidi uulowanishe kwa mate na kuanza upya. Nimeona mwanamume wa maungo makubwa, dereva wa lori, akitokwa machozi juu ya sindano ya saba. Mimi mwenyewe nilitunga nyingi, na wiki za kwanza nilidhani napotezewa wakati.

Alikuwa pia mtu wa kasoro nyingi. Aliogopa mbwa. Mwalimu aliyeweza kusimamisha ngumi yake upana wa kucha kutoka kwenye jicho lako alivuka barabara akimwona mbwa mdogo amelala kwenye vumbi, na alituomba tuvuke naye. Alikuwa mbahili wa sifa. Miaka miwili niliyokaa kwake aliniambia mara moja tu kwamba nimefanya vizuri, na ilikuwa kwa sababu nilifagia bila kuvunja chaki. Nilipomuuliza alijifunza kwa nani, alinyoosha vidole vitatu.

"Niko na walimu watatu. Hakuna mmoja alinimaliza. Wa kwanza alihama, wa pili alikufa, wa tatu alinifukuza."

"Kwa nini alikufukuza?"

"Nilikuwa namuuliza maswali kama we."

Jambo moja lilinitesa kuliko mengine. Tulikuwa sokoni, wanafunzi watatu na yeye, tukinunua uzi. Mteja mmoja akatokea kwenye umati, akamwambia suruali aliyomshonea inambana hadi watu wanamcheka, na kabla hajamaliza kusema akampiga kofi. Utepe ulianguka kutoka shingoni. Tulingoja, mimi na wenzangu. Mwalimu aliinama, akaokota utepe, akaukung'uta vumbi, akasema, "Geuka, nikupime tena."

Njiani nilimuuliza kwa nini hakumpiga.

"Suruali ilikuwa inabana kweli," alijibu. "Hukuiona?"

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka. Nilitembea hadi chumbani kwangu, mtaa wa Musinzira, nikiwa na uchungu kana kwamba kofi lile nilipigwa mimi, kwa maana sikuwa nimekuja kwake kujifunza kupima suruali.

Nilikuja kwa sababu ya Bukirasazi, kilimani kwetu. Tuliporudi kutoka Tanzania tulikuta binamu ya baba analima shamba letu. Wazee wa kilima waligawa, wakapanda vichaka vya miyenzi kuwa mpaka, baba akapata nusu. Msimu wa pili watoto wa binamu walikuja asubuhi kuing'oa miyenzi. Baba alitoka kuwaambia waache. Mkubwa wao alimsukuma kifuani kwa viganja viwili, baba akaanguka chali juu ya maharage, mzee mzima, kofia upande mmoja na fimbo upande mwingine. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka pale, na jembe mkononi. Miguu yangu haikwenda. Niliitazama kama miguu ya mtu mwingine. Waliondoka taratibu, bila hata kunitazama, kwa sababu waliona kwamba hakuna mtu aliyesimama pale.

Baada ya hapo nilihamia Gitega, nikapata kazi kwenye duka la fotokopi, nikaanza kutafuta mtu wa kunifundisha miguu yangu. Nilianza na judo, Musinzira. Mwalimu wa pale alikuwa mwungwana na mikeka yake ilikuwa safi, lakini judo inataka mtu akushike, na kila nilipokamatwa kwenye kola nilikufa ganzi nikawa mzigo wa kubebwa. Nikaenda kwenye taekwondo, uwanja wa shule moja. Kijana aliyefundisha alipenda mateke ya juu na kuyapiga picha kwa simu. Nilijiuliza nani atakayenisubiri kati ya maharage mpaka nimalize kunyoosha mguu juu ya kichwa chake. Mwanamke mmoja aliyeleta karatasi zake dukani, aliponiona nimefunga kifundo cha mguu, ndiye aliyeniambia: kuna fundi Nyamugari, ana wazimu kidogo, lakini nenda.

Mwaka wa pili Mwalimu alitupeleka Muyinga kufanya mtihani wa mikanda. Tulikuwa saba. Kimono zilikuwa zimepigwa pasi naye mwenyewe, mikunjo imesimama kama ukingo wa karatasi. Ukumbi ulikuwa wa sakafu ya saruji, mpana, mtupu, na watu wa vilabu vingine walikaa kuzunguka kuta. Mtahini, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, alitupanga safu moja, akaita ile kata aliyoipenda Mwalimu. Nilifurahi. Nikajua tutapita.

Tulianza pamoja. Pigo la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Kisha sisi saba, kwa wakati mmoja, tukatoa mguu wa kushoto kando nusu hatua, tukageuza bega, tukapita ubavuni mwa kitu ambacho hakikuwapo, tukarudi kwenye mstari na kupiga ngumi.

Kicheko kilianzia nyuma. "Hawa wanakwepa nini?" mtu aliuliza.

Mtahini aliinua mkono, akatuambia turudie. Tulirudia, na tulipofika pale tukapita kando tena. Hatukuweza kufanya vingine. Ndipo alipomgeukia Mwalimu wetu, aliyesimama ukutani na utepe shingoni, amesahau kuuvua.

"Hatua hiyo umeitoa wapi?"

"Iko nguzo," alisema Mwalimu.

"Wapi?"

"Kwangu."

Ukumbi mzima ulicheka. Mtahini hakucheka, aliandika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Nilimtazama Mwalimu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeamshwa ghafla na kukuta nyumba imejaa wageni. Nadhani alikuwa amesahau kabisa kwamba mstari ule uliwahi kunyooka. Tulishindwa sote saba.

Tuliporudi Gitega alitutoa karakanani, tukafanyia mazoezi uani. Alichora mstari kwa chaki ya kukatia nguo, akasimama mwanzo wake kutuonyesha. Pigo la nne lilipokwisha, mguu wake ukatoka kando. Alisimama, akautazama chini, akarudi, akaanza tena. Ukatoka kando. Asubuhi tatu nilimwona akifanya hivyo, jasho likimtoka, sisi tukiwa tumepanga safu nyuma yake kama watu wa msiba.

"Mguu yangu imezeeka na hii nguzo," alisema siku ya tatu, akajaribu kucheka.

Wenzangu waliacha kuja, mmoja mmoja. Mimi nilijiambia kwamba nitamuaga Ijumaa. Ijumaa nilikunja kimono, nikaiweka kwenye mfuko, nikapita barabara ya nyuma ili nisione mlango wake.

Nilimfuata mtahini Muyinga. Nilipata kazi nyingine ya fotokopi, nikapanga chumba. Yeye alijua kila kitu. Kila hatua alijua jina lake, na ukutani alikuwa na picha za walimu wa walimu wake zimepangwa kutoka juu hadi chini, bila pengo. Hapa, nilijiambia, nimefika. Alinyoosha kamba sakafuni, akaniweka juu yake, akasimama nyuma yangu na kijiti. Kisigino cha kushoto kilipotaka kutoka, alikigonga.

"Hapo kuna nini?" aliuliza.

"Hakuna kitu."

"Sema tena."

"Hakuna kitu."

Ilichukua miaka mitatu kuitoa nguzo mwilini mwangu. Siku niliyoenda mstari mzima bila kutetereka, darasa lilipiga makofi, na mwaka huohuo nikafunga mkanda mweusi. Sitamlaumu. Alinifundisha kwa uaminifu kile alichofundishwa.

Msimu wa maharage nilikwenda Bukirasazi kumsaidia baba. Asubuhi ya pili nilisikia panga. Yule mkubwa wa watoto wa binamu alikuwa anakata miyenzi, akiipanda upya hatua kumi ndani ya shamba letu. Nilitoka nikasimama mbele yake. Miguu ilikwenda, na hilo nitalishukuru siku zote. Nilimwambia aache.

"Toka, mwana wa kambi," alisema.

"Sitoki."

Aliweka panga chini, akachukua mpini wa jembe. Niliuona ukipanda. Niliuona vizuri, bila haraka, kama nilivyofundishwa kuona. Na mwili wangu ukafanya kile ulichojua. Ulikwenda mbele kwa mstari ulionyooka, mkono juu, kuupokea mpini uso kwa uso. Mpini ukapita mkono ukavunja mfupa wa mtulinga, begani kushoto. Nikaanguka juu ya maharage, karibu kabisa na pale baba alipoanguka.

Nilipokuwa chini sikumfikiria yule mtu wala shamba. Niliufikiria mguu wangu wa kushoto. Nusu hatua tu. Mpini ungeshuka ubavuni, kama nguzo ilivyokuwa ikinipita kila alfajiri. Labda angenipiga pigo la pili, sijui. Ninachojua ni kwamba zamani mguu ule haukuhitaji kuulizwa, na mimi nilikaa miaka mitatu nikiufundisha kusema hakuna kitu. Miyenzi sasa imeota pale alipoipanda. Baba haitazami. Amegeuza kigoda chake kikaelekea barabarani.

Mwaka huu mwanamke mmoja aliingia dukani Muyinga kutoa nakala ya karatasi za hospitali. Alikuwa na utepe wa kupimia shingoni. Nilimuuliza kama ni fundi, akasema amerithi kwa baba yake, fundi wa Gitega aliyekuwa pia mtu wa karate. Baba huyo amepigwa na kiharusi, upande wa kushoto umelala, naye binti amemleta Muyinga ili amtunze. Karakana waliiuza. Mwenye nayo mpya ameivunja, amejenga nyumba ya matofali.

"Na nguzo?" niliuliza.

"Nguzo gani, dada?"

Jumapili mchana nilikwenda mtaa wa Waswahili anakoishi. Nilimkuta Mwalimu uani, amekaa kwenye kiti cha mbao, mkono wa kushoto umelazwa mapajani kama kitu alichopewa ashike kwa muda. Amepungua sana. Nilipiga goti.

"Shikamoo, Mwalimu."

Alinitazama. Nusu ya mdomo ikainuka. "Hiyo shikamoo," alisema, maneno yakitoka polepole na mazito, "si nilisema iache huko."

"Nimeshindwa kuiacha."

"Mtanzania." Alinipima kwa macho, kulia, kushoto. "Bega imehama. Ilikuwa ya kulia. Sasa ni hii."

"Mpini wa jembe."

"Ulipita kati? Mguu haikutoka kando?"

"Nilipita kati, Mwalimu."

Hakusema pole. Alitikisa kichwa kidogo, kama fundi aliyeletewa nguo iliyokatwa vibaya na fundi mwingine.

"Pindo ulifungua?" aliuliza.

"Bado. Sikukuaga, Mwalimu. Nilitaka kukuaga Ijumaa."

"Eeh. Na wale sita walitaka hivyo, Ijumaa ileile." Alicheka, mate yakamtoka, binti yake akampangusa kwa ncha ya kitenge. Nikamwambia kilichonileta: kwamba ile hatua imenitoka, kwamba kila alfajiri chumbani kwangu naweka ndoo, naweka kiti, natafuta mahali mguu ulipokuwa unatoka, na hautoki. Nilimwomba anionyeshe mara moja tu.

Alishika mkono wa kiti, akajivuta kusimama. Mguu wa kulia ulisimama. Wa kushoto, ule wenyewe wa hatua, ulibaki chini kama umeshonewa ardhini. Alijivuta tena.

"Baba, kaa," binti alisema. "Mi nakuomba, kaa."

Alikaa. Alipumua kwa muda, akiutazama mguu wake kama alivyoutazama kwenye ule mstari wa chaki. Kisha akanyoosha kidole katikati ya ua.

"Niweke pale."

"Wapi, baba?"

"Pale kati. Na kiti. Mi niko nguzo."

Tulimbeba, mimi na binti yake, tukamweka katikati ya ua chini ya jua. Alinyoosha mgongo wake kadiri alivyoweza. Nilirudi nyuma, nikafunga kitenge vizuri kiunoni, nikaanza. Pigo la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Nilimwona mbele yangu, nilijua yuko pale, niliuambia mguu. Ukaenda mbele, umenyooka, safi, kama ulivyofundishwa, na goti langu likagonga goti lake.

Nilishtuka nikaomba msamaha. Lilikuwa goti la upande uliolala, hakusikia chochote.

"Tena," alisema.

Nilirudia. Nikamgonga palepale. Binti yake aliingia ndani, nadhani hakutaka kuona. "Tena," alisema Mwalimu, na nikamgonga, na akasema tena, na nikamgonga. Suruali ilikuwa imepanda kidogo, na nikaona chini ya goti ngozi imeanza kuvilia damu. Nilisimama. Nilimwambia inatosha, anaumia.

Alilitazama goti lake kama la mteja.

"Hakuna kitu hapo," alisema. Akainua mkono mmoja uliobaki, akanionyesha mwanzo wa mstari.